Mtamba Aitwaye Mtajua

Barua ya mkataba wa kazi Ujerumani ilipoingia kwenye simu, Kabula alikuwa wodi ya wazazi akimpima mama mmoja presha, na ikabidi arudie kumpima, maana namba za mara ya kwanza zilimpita hivihivi. Alimaliza, akaandika, akamtakia yule mama mapumziko mema, akatembea kwa adabu zote za muuguzi hadi chumba cha mashuka. Humo alifunga mlango na kuanza kuruka. Aliruka mpaka kiatu kimoja kikamtoka kikaenda kujificha chini ya rafu, na Sia alipoingia kutafuta mashuka alimkuta mwenzake amepiga magoti, kichwa kimezama chini ya rafu, anacheka peke yake.

Sia alikuwa Mchaga wa Rombo aliyepangiwa kazi Bariadi akaapa atakaa mwaka mmoja tu, na sasa alikuwa na kiwanja, kuku, na maoni makali kuhusu msimu wa pamba. Aliusoma ule mkataba, akakaa juu ya mashuka safi, jambo ambalo yeye mwenyewe huwakataza wanafunzi, akasema Wajerumani wamepata bahati yao. Kabula alikubaliana naye kabisa. Kisha akasema jambo lililomfanya Sia asimame tena.

"Siendi bila Mtajua."

Mtajua ni mbwa. Watu wa huku, na si wa huku peke yao, wana tabia ya kumpa mbwa jina ambalo kwa kweli ni ujumbe kwa majirani. Mzee Mashimba, baba yake Kabula, alipoanza kutoa ng'ombe zizini mmoja baada ya mwingine ili binti asome uuguzi, watu walimuuliza kwa upole wa kuudhi anategemea kupata nini hasa kwa msichana. Mzee hakubishana na mtu. Alitafuta kibwa cha kahawia, na kila jioni akawa anasimama getini akiita kwa sauti ya kufika mbali: Mtajua, Mtajua, njoo ule. Majirani walielewa.

Kabula alikuwa mtoto pekee na mama yake alishafariki. Aliporudi nyumbani na cheti chake, akaajiriwa hapohapo Bariadi, yule mbwa alihamishia mapenzi yake yote kwake. Akitoka zamu ya usiku anamkuta njiani, mbali na nyumba, anamngoja, na hapo lazima arukiwe hadi sare ipate matope. Hakuwahi kumgombeza kwa hilo, na wala hakuweza kufikiria mlango wa nyumba yoyote duniani ambao anaufungua asirukiwe. Ndiyo maana jioni ile, baada ya kumaliza kumweleza baba yake habari za Ujerumani na mzee kumaliza kuzunguka zizi akiwaambia ng'ombe, alilirudia lile neno: bila Mtajua, haendi. Alilisema nusu kwa mzaha. Mzee alilichukua zima. Tangu saa hiyo akawa anajua kwamba safari ya binti yake inategemea karatasi za mbwa, na karatasi za mbwa akazichukua kuwa kazi yake.

Zilianza za binadamu. Cheti cha kuzaliwa kilipatikana, cha tabia njema kikaja baada ya Kabula kupakwa wino vidole vyote, na mzee akauliza kama na Mtajua atapakwa kwenye kucha. Ikaja zamu ya picha za viza, ambazo zinataka masikio yaonekane na mtu asicheke. Hapo palikuwa na shida. Kabula wa miezi ile alikuwa hawezi kutocheka. Alicheka akipanga foleni, alicheka akipigilia stepla, na kila mpiga picha akimwambia anune, Sia aliyesimama nyuma ya kamera alikuwa ananuna kumwonyesha mfano, na mambo yanaharibika upya. Picha iliyokubalika hatimaye inamwonyesha mtu anayejizuia kupiga chafya.

Kwa ajili ya usaili wa ubalozini, mzee aliamua kumfanyia mazoezi. Alivaa koti lake la misibani, akaweka meza uani, akakaa nyuma yake na miwani isiyokuwa na kioo kimoja, na binti akaitwa aingie kutoka upande wa zizini. Mzee alimwuliza atafanya kazi gani, ataishi wapi, na huko ng'ombe wanakula nini kipindi cha baridi. Kabula alisema ubalozi hauulizi habari za ng'ombe. Mzee alishangaa kweli kweli, akauliza sasa kama hawaulizi ng'ombe watamjuaje mtu. Mtajua alikuwa amelala chini ya meza ya ubalozi na mkia wake unapiga mguu wa meza, na usaili ukafungwa kwa sababu mwombaji alikuwa ameketi chini anashika mbavu.

Mwongozo wa mbwa ulifika baadaye kidogo, kurasa kadhaa, na Kabula akautafsiri kwa sauti wakati wa chakula. Hatua ya kwanza, alisoma, mnyama awekewe kitambulisho cha kielektroniki chenye namba yake mwenyewe. Chanjo na mengine yote yanafuata baada ya hapo. Aliweka simu mfukoni, akanawa, akakimbilia zamu.

Sasa mtu yeyote wa mkoa huu wa Simiyu aliyefuga anajua kitambulisho cha kielektroniki ni nini. Ni hereni. Ng'ombe wote wa mzee Mashimba walikuwa wamevishwa hereni zao za kielektroniki, namba imeandikwa, kila mmoja kaingizwa kwenye mfumo na jina la mwenye mali. Mzee hakuwa na haja ya kuuliza. Asubuhi alimpigia simu Luhaga, mtoto wa dada yake, ambaye alikuwa kibarua kwenye zoezi la hereni, akamwambia aje na koleo lake.

Luhaga alipoona ni mbwa alisita. Lakini mjomba ni mjomba, na huyu alikuwa ameshamshika mbwa mwenyewe na anamnong'oneza. Tatizo likawa kwenye simu ya kusajilia, iliyokuwa inakubali ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, basi. Luhaga alipendekeza mbuzi, kwa ukubwa. Mzee alikataa kabisa mbwa wake aandikwe mbuzi. Wakamwandika ng'ombe, kwa heshima. Na kwa kuwa Luhaga alikuwa anatetemeka, sehemu zilizobaki aliziacha kama zilivyokuwa kwa mnyama aliyetangulia: jike, mtamba ambaye hajazaa, rangi ya kahawia. Rangi angalau ilikuwa kweli.

Kabula alirudi kutoka kazini, akarukiwa kama kawaida, na kitu cha njano kikampiga shavuni. Alikitazama. Alimtazama baba yake, aliyesimama mlangoni akingoja kushukuriwa. Inasemekana kicheko chake siku hiyo kilisikika hadi barabara ya kwenda Lamadi, na alipoweza kupumua alimkumbatia mzee na kumweleza kwamba kinachotakiwa ni kidude kidogo kama punje ya mchele, kinachochomekwa chini ya ngozi kwa sindano. Mzee alisema punje ya mchele itapotea, hereni inaonekana. Alikuwa na hoja, ila mwongozo haukuwa na mahali pa kuiweka.

Wakampeleka Mtajua Mwanza kwa daktari wa mifugo aliyekuwa na vile vidude. Daktari Raymond aliitoa hereni, akachomeka kidude, akachanja, akafungua kitabu cha afya cha mbwa na kuanza kujaza. Mzee alikuwa amekaa anamwangalia. Alipoona namba ya kidude imeandikwa, akaomba na ile ya hereni iandikwe pia. Daktari alisema haina kazi. Mzee alisema namba ni namba, na Wazungu wanapenda namba. Daktari alikuwa na foleni nje. Aliiandika kwenye sehemu ya alama nyingine, akagonga muhuri.

Ikafuata miezi ya kungoja. Damu ya Mtajua ilitangulia Ulaya kupimwa, na mzee akawa anawaambia watu kuwa mbwa wake ameshaingia Ujerumani kwa kiasi. Fundi wa kuchomelea mjini alitengeneza sanduku la kusafiria lenye wavu, na kumzoesha Mtajua kulala humo kulishindikana kwa muda, kwa sababu kuku mweupe alilipenda kwanza akaanza kutaga ndani, na mbwa akawa analala nje analinda mayai. Kabula alimfundisha amri za Kijerumani. Mbwa aliyelelewa kwa Kisukuma alimsikiliza kwa makini, akageuka kumtazama mzee ili amtafsirie.

Kisha Kabula akaenda Dar es Salaam, akasailiwa bila kuulizwa ng'ombe hata mmoja, akarudi, akangoja, na siku moja bahasha ikafika na pasipoti ndani yake na viza ndani ya pasipoti. Alikimbia nayo hadi kwa Sia. Waliishika wakaigeuza kwenye mwanga kama watu wanaokagua noti, wakaruka wote wawili katika chumba kilekile cha mashuka, na safari hii viatu vilivyopotea vilikuwa vya Sia.

Alikataa jambo moja tu: sherehe ya kuaga. Mzee alikuwa ameligusa mara nyingi, kwa kuzunguka. Kabula alisema hapana. Alitoa sababu ya Joyness, mwenzao wa maabara, aliyeagwa kwa maturubai na keki halafu viza ikagoma, na mpaka leo akipita sokoni watu wanamuuliza amerudi lini. Hiyo ilikuwa sababu ya kusema. Sababu ya kweli ni kwamba alijua akisimama mbele ya watu, baba yake amekaa pale na koti lake la misibani, atalia, na akishaanza kulia hataondoka. Alitaka kuondoka kimya kimya, Jumatatu asubuhi, akiwa bado anacheka.

Kilibaki kibali cha kumtoa mbwa nchini. Walikwenda ofisi ya mifugo wote watatu, mzee na koti lake, Mtajua na kamba mpya. Afisa alikuwa kijana mpole. Alipokea kitabu, akaingiza namba ya kidude, sawa. Akaingiza na ile ya alama nyingine, kwa kuwa iliandikwa na ina muhuri. Akaitazama kompyuta kwa muda mrefu. Akainama kumtazama Mtajua chini ya kiti, akainuka akaitazama tena.

Alisema kwa masikitiko kuwa kwenye mfumo huyu ni mtamba.

Mzee alimweleza kila kitu, bila kumficha hata kipengele cha mbuzi. Afisa alicheka, akaomba radhi kwa kucheka, akasema yeye anaelewa ila mfumo hauelewi. Mnyama mmoja hawezi kusafiri akiwa mbwa huku, na huku ni mtamba. Yule mtamba lazima afungwe kwanza, na mfumo unajua njia nne tu za kumfunga ng'ombe: ameuzwa, ameibiwa, amekufa, au amechinjwa. Ameuzwa kunataka mnunuzi. Ameibiwa kunataka polisi. Amekufa kunataka uchunguzi wa ugonjwa, na hapo zizi zima la mzee lingewekwa karantini. Amechinjwa kunataka barua ya mwenyekiti wa mtaa tu.

Njiani Kabula hakucheka, kwa mara ya kwanza tangu mkataba uje. Alihesabu kimoyomoyo jinsi Jumatatu ilivyokuwa karibu. Mzee alimwangalia pembeni, akanyoosha mgongo, akaenda peke yake kwa mwenyekiti Bundala.

Bundala aliandika vizuri, kwa mkono wa mtu aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika. Alifika mahali pa sababu, akauliza huyo mtamba amechinjwa kwa shughuli gani. Mzee Mashimba, ambaye hajawahi kudanganya ofisi ya serikali maisha yake yote, alijibu kitu cha kwanza kilichomjia, nacho ndicho alichokuwa nacho moyoni siku zote: kumuaga binti yangu. Muhuri ukagongwa, barua ikapelekwa kwa afisa siku ileile. Afisa alisema Jumamosi jioni, mfumo ukishamfunga mtamba, atatuma kibali kwenye simu.

Lakini Bundala ana mke, na mke ana dada anayeuza vitenge Lamadi. Kufikia jua kuzama habari ilikuwa imeshatembea: Mashimba amechinja mtamba kumuaga Kabula, na amemla peke yake. Huku kwetu nyama ya ng'ombe wa shughuli ina wenyewe. Mjomba ana sehemu yake, shangazi ana yake, na anayerukwa hilo analiweka moyoni, halafu anawarithisha wajukuu. Shangazi Dorkasi alipiga simu kutoka Nassa, akasalimia vizuri sana, na uzuri wa ile salamu ulimtoa kaka yake jasho. Asubuhi yake mjomba wa Kabula, kaka wa marehemu mama yake, alifika kwa bodaboda kutoka Migato akiwa na kisu ndani ya kikapu. Alisalimia mwadila, salamu ya Kisukuma ya mchana na jioni, wakati ilikuwa bado asubuhi, jambo linaloonyesha jinsi alivyokuwa amevurugwa, na macho yake yakawa yanaitafuta ngozi ya ng'ombe juu ya paa.

Mzee alisimama katikati ya uwanja. Angeweza kusema kweli, kwamba hakuna mtamba. Basi barua ingekuwa ya uongo, Bundala angeifuta, mbwa angebaki. Na binti alishasema.

"Karatasi imetangulia tu," alimwambia shemeji yake. "Mtamba mwenyewe ni wa Jumamosi. Waambie watu waje."

Kabula aliyasikia hayo akiwa dirishani na mswaki mdomoni. Alitoka nje akitaka kukasirika. Alimkuta baba yake zizini anachagua mtamba wa kahawia, ili barua isikosee rangi, na uso wa mzee ulikuwa na furaha ya mtu aliyelazimishwa kufanya kile alichokitaka mwaka mzima. Hasira ilimkatalia. Aliutema mswaki akacheka hadi mjomba naye akaanza, ingawa yeye hakujua anachochekea.

Jumamosi walikuja wa Migato na wa Nassa, wa mtaani na wa wodini. Shangazi Dorkasi alishuka na ndoo ya sato, akatangaza kwamba nyama bila samaki ni mazoea ya watu wa bara. Sia alikabidhiwa sufuria ya pilau akaitawala kama wodi. Joyness alikuja na keki, akasema ni ileile aliyoagwa nayo yeye, wamebadilisha jina tu, akacheka mwenyewe kabla ya wengine. Luhaga alihudumia watu wote bila kumtazama mbwa machoni. Bundala alisimama kutoa hotuba, akamsifu mzee kwa kufuata taratibu za kumiliki mifugo kuliko mkazi yeyote wa mtaa ule, na hapo Kabula ilibidi ajifiche nyuma ya turubai. Aliposimama kuwashukuru watu hakulia. Kumbe alichokuwa anakiogopa sicho. Kumwangalia Mtajua akitafuna mifupa ambayo kiserikali ilikuwa yake mwenyewe kulitosha kumshikilia.

Kibali kiliingia kwenye simu jua likiwa bado halijazama. Kabula alikisoma, akakimbia kumtafuta baba yake ampe habari. Wageni walikuwa wamepungua. Alimkuta mzee nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda na beseni la maji ya moto, amevua koti, anamwosha Mtajua kwa sabuni ya kufulia. Alikuwa anaongea naye Kisukuma, polepole, anampa maelekezo: asile kwa mtu asiyemjua, asiwafukuze kuku wa watu, akisikia hatua usiku angurume kwanza ndipo abweke. Mbwa alikuwa ametulia kabisa. Nyuma yao palikuwa na zizi, na nyumba, na milango yote ilikuwa wazi na ndani hamna mtu.

Kabula alisimama na ile simu. Miezi yote ile alikuwa akihesabu kile atakachokwenda nacho, na hakuwahi hata siku moja kuhesabu kitakachobaki.

"Baba," alisema. "Kibali kimekuja. Lakini abaki na wewe."

Mzee aliendelea kusugua. Alimaliza shingo, akahamia mgongoni.

"Huyu mtaa mzima umeshamla," alisema. "Mjomba wako ameondoka na paja lake mpaka Migato. Jumanne wakimsikia anabweka hapa, niwaambie amefufuka?"

Kabula alianza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakatoka, yale aliyokuwa ameyakimbia, na hakuweza kuyatenganisha na kicheko. Aliketi chini kwenye matope ya sabuni na gauni lake la kuagwa. Mzee alimwacha alie. Halafu akasema bila kumtazama, kwa sauti ileile aliyokuwa akimpa mbwa maelekezo.

"Mimi nina ng'ombe wa kuamka nao, ng'wanawane. Nina Bundala, na shangazi yako atanipigia hata nisipotaka. Wewe huko utatoka kazini ufungue mlango. Akikurukia, ujue ni mimi nimekuja kukupokea."

Kabula aliitikia kwa kichwa. Mzee akamsogezea beseni, akamwambia ashike miguu ya nyuma vizuri, maana maji yalikuwa yanapoa na upande mmoja ulikuwa bado.